Mawe Mawili ya Ziwa Tanganyika

Katika ufuko wa mashariki wa Ziwa Tanganyika yako mawe mawili yanayodai watu wawili wale wale. La kwanza liko Ujiji, mwendo wa kilomita chache kutoka Kigoma, chini ya miembe, nalo lakumbusha kwamba mahali hapo Henry Morton Stanley alimkuta Daktari David Livingstone mwaka 1871. La pili liko Mugere katika nchi ya Burundi, kilomita 10 hivi kusini ya Bujumbura. Hilo ni jabali la asili lililochongwa majina hayo hayo mawili na tarehe 25 Novemba 1871. Ujiji huonyesha jiwe lake kwa wageni na kusema, walikutana hapa. Mugere nako wapo waliosema, walikutana hapa, na wageni wengi wamesadiki wakarudi makwao na picha.

Haiwezekani watu wawili kukutana kwa mara ya kwanza mahali pawili. Basi mmoja wa wadai hawa amekosea, na kumjua si kazi ngumu. Lakini nyuma ya swali hilo jepesi liko jingine zito zaidi, nalo ndilo lililonifanya nishike kalamu: shujaa ni mali ya nani? Ni ya aliyemzaa, au ya aliyemwandika, au ya ardhi aliyoikanyaga? Na watu wa ardhi hiyo wana haki gani katika sifa zake, ikiwa wao ndio waliompa maji, chakula na njia?

Ili tupate kuona vizuri yaliyo karibu, yafaa kwanza tutazame mbali, mahali ambapo swali hili limejibiwa kwa hati na saini. Mjini Orlando, katika jimbo la Florida nchini Marekani, wako majirani wawili wafanyao biashara moja. Kila mmoja amejenga bustani kubwa za burudani, ambamo watu hulipa kiingilio ili wapande vyombo vya kasi na kupeana mikono na mashujaa waliowajua vitabuni. Jirani mmoja ni Universal, wa pili ni Disney. Tarehe 22 Machi 1994 kampuni ya MCA, iliyokuwa na bustani za Universal wakati huo, ilifanya mkataba na kampuni ya Marvel, wachapishaji wa vitabu vya picha vya mashujaa wa kubuni kama Spider-Man na Hulk. Kwa mkataba huo MCA ilipewa leseni ya kuwatumia mashujaa hao katika bustani zake. Mwaka 1999 Universal ikafungua bustani mpya mjini Orlando, na ndani yake sehemu nzima ikawa ya mashujaa wa Marvel.

Miaka kumi ikapita. Mwaka 2009 Disney ikainunua Marvel yenyewe kwa dola bilioni 4 hivi. Hapo likatokea jambo ambalo mtu asiyezoea sheria hulistaajabia: mashujaa wamepata mwenyewe mpya, lakini mwenyewe huyo hawezi kuwaingiza nyumbani kwake. Sababu yake ni kwamba Disney ilinunua nyumba yenye mpangaji ndani. Mkataba wa 1994 haukufa kwa kuuzwa Marvel. Uliweka mpaka katika Mto Mississippi, na mashariki ya mto huo mashujaa wanaotumiwa na Universal hawaruhusiwi kuonekana katika bustani ya mtu mwingine, hata akiwa ndiye mmiliki wao. Disney ilipofungua sehemu ya mashujaa hao mwaka 2021 ilifanya hivyo California, magharibi ya mto, na jina la Marvel halikuwamo katika jina la sehemu hiyo. Ilipotaka kuwa na kitu cha namna hiyo Florida, mwaka 2022, ilichagua kundi la Guardians of the Galaxy, ambalo Universal haikuwa ikilitumia.

Nimeyaeleza haya kwa kirefu kidogo kwa sababu yana mafunzo mawili yatakayotufaa tukirudi ziwani. La kwanza, shujaa wa kubuni ana mwenyewe, na jina lake laweza kuwekewa mpaka kama shamba. La pili, anunuaye mali hurithi pia ahadi alizozitoa muuzaji. Wahenga wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Orlando yatufundisha kwamba daftari likiwapo mali haipotei, ila huenda ikamfunga hata mwenyewe.

Sasa turudi Ujiji. Livingstone na Stanley hawakubuniwa na mtu. Walizaliwa, wakaugua, wakafa. Hata hivyo, mashujaa hao wawili tunaowakuta vitabuni na katika filamu wana mengi ya kutengenezwa, na tangu mwanzo walikuwa bidhaa yenye kugombaniwa. Stanley alitumwa na James Gordon Bennett mdogo, mwenye gazeti la New York Herald, naye Bennett alitaka habari ya kuuza magazeti. Huko London, Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ilimhesabu Livingstone kuwa mtu wake, ikaandaa msafara wake yenyewe wa kumtafuta. Msafara huo ulipofika Bagamoyo mwaka 1872 ulikutana na Stanley akirudi pwani kazi ikiwa imekwisha, nao ukavunjika. Kule Uingereza wakatokea watu waliotilia shaka maneno ya Stanley, hata wakasema kwamba barua alizozileta si za Livingstone. Mwaka 1873 Jumuiya ile ile ikamtunukia nishani ya dhahabu. Mzozo huo haukuwa wa kumpata mzee mgonjwa, maana alikuwa amekwisha kupatikana. Ulikuwa juu ya nani atakayesimulia kupatikana kwake.

Msimulizi akawa Stanley. Kitabu chake kilitoka mwaka 1872, na humo ndimo ilimo salamu ile ya adabu nyingi ambayo dunia nzima imeijua, na ambayo huenda ndiyo sentensi iliyompatia mtu sifa kubwa kuliko zote katika historia ya safari za Afrika. Lakini Livingstone hakuiandika popote katika shajara yake, na katika shajara ya Stanley kurasa za saa hiyo zimechanwa. Hata tarehe ina ubishi: Stanley aliandika 10 Novemba 1871, na hesabu ya Livingstone, ambaye alikuwa amepotewa na siku kwa ajili ya maradhi, yaonyesha mwisho wa Oktoba. Basi sentensi hiyo maarufu haina shahidi mwenye maandishi ila yule yule aliyeiuza. Mwaka 1890 yalifanyika London maonyesho makubwa ya Stanley na Afrika, watu wakilipa kuingia kutazama ramani, silaha na vyombo vya safari. Mwaka 1939 Hollywood ikatoa filamu yenye majina ya mashujaa hawa wawili, Spencer Tracy akiwa Stanley. Haya yote yalifanyika miaka mingi kabla bustani za Orlando hazijajengwa, lakini biashara ni ile ile.

Tofauti ni moja, nayo ni kubwa. Livingstone alikufa Chitambo, katika nchi iitwayo sasa Zambia, mwezi Mei 1873, na Stanley alikufa mwaka 1904. Haki za mwandishi hudumu katika uhai wake na kwa muda maalumu baada ya kufa kwake. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 muda huo ni miaka 50. Maandishi ya Stanley basi ni huru zamani. Sheria yetu ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 nayo hulinda jengo, jiwe na mahali. Haimkatazi jirani kutaja jina. Hakuna mahakama ambayo Ujiji yaweza kuiendea na kusema, mzuieni Mugere asimtumie shujaa wetu. Chitambo pana moyo wa Livingstone uliozikwa chini ya mti, London pana mwili wake katika Westminster Abbey, na Kwihara karibu na Tabora pana tembe walilokaa pamoja na ambako waliagana mwezi Machi 1872. Kila mahali pamechukua kipande chake, wala hapakuwa na mto wa kuwagawanya.

Hata hivyo, mpaka ulikuwapo, na mpaka huo ndio uliowapa wadai wetu wawili mabwana mbalimbali. Zamani za safari zile hapakuwa na mstari kati ya Ujiji na Mugere. Palikuwa na mitumbwi, na watawala wa nchi waliotaka hongo zao. Baadaye nchi zote mbili zikawa chini ya Wajerumani. Katika vita kuu ya kwanza majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yaliingia Kigoma na Ujiji mwaka 1916, nao wakakaa mpaka 1921. Mwaka 1919 Waingereza na Wabelgiji walikubaliana kuigawanya nchi: Ruanda na Urundi kwa Ubelgiji, na Kigoma kwa Uingereza. Mugere ukaangukia upande ambao serikali yake iliandika Kifaransa na kumheshimu Stanley kama mtu aliyemfungulia Mfalme Leopold wa Pili njia ya Kongo. Ujiji ukaangukia upande ambao serikali yake iliandika Kiingereza na kumheshimu Livingstone. Mawe mawili yakawa na walinzi wawili.

Lakini mapatano yale hayakuishia katika kugawanya ardhi, na hapa ndipo funzo la pili la Orlando linapokutana na Kigoma. Kwa kuwa Wabelgiji waliiacha Kigoma, walitaka mizigo ya Kongo na ya Ruanda-Urundi ipite bila kizuizi mpaka baharini. Tarehe 15 Machi 1921 wakatiliana saini na Waingereza mkataba ambao uliwakodisha Wabelgiji sehemu za bandari mbili, moja Kigoma na moja Dar es Salaam, kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka, daima dumu. Sehemu hizo zikaitwa Belbase. Msomaji na alitafakari neno hilo, daima dumu. Mwenye kutia saini kwa upande wa Tanganyika alikuwa Mwingereza, na mwenye nchi hakuulizwa.

Tanganyika ilipokaribia uhuru swali likawa lile lile la Disney na Universal. Je, mwenyewe mpya amerithi mpangaji? Kama ungalifuata kanuni ya Orlando ungalisema ndiyo: nyumba imebadili mwenyewe, mkataba unabaki. Mwalimu Julius Nyerere hakukubali. Mwezi Novemba 1961, siku chache kabla ya Uhuru wa tarehe 9 Desemba, alilieleza Bunge kwamba mkataba huo wa milele hauwezi kuifunga Tanganyika huru. Hoja yake haikuwa ya hasira. Uingereza, alisema, ilikuwa ikiitawala Tanganyika kwa mamlaka ya muda iliyopewa kama amana, na mwenye amana ya muda hana uwezo wa kumkodishia mtu mwingine sehemu ya nchi milele. Tanganyika ilikuwa tayari kuzungumza na majirani juu ya kupitisha mizigo yao, na bandari ya Kigoma mpaka leo huhudumia mizigo ya Burundi na Kongo. Iliyokataliwa ni saini ya mtu aliyetoa kisicho chake.

Wanasheria wameijadili hoja hiyo ulimwenguni pote pamoja na msimamo wa Nyerere juu ya mikataba mingine ya kikoloni. Mimi si mwanasheria, ni mwalimu wa lugha, na nataka kuichukua hoja hiyo kutoka bandarini niipeleke chini ya miembe ya Ujiji. Orlando mpangaji hakuweza kuondolewa kwa sababu aliyempangisha, yaani Marvel, alikuwa mwenye mali kweli. Kigoma mpangaji alikataliwa kwa sababu aliyempangisha hakuwa mwenye mali. Sasa tuulize: hadithi ya Ujiji ya mwaka 1871, nani aliitoa kwa watu wa mbali waisimulie daima dumu kwa namna moja tu? Aliyeitoa ni Stanley. Je, yote ilikuwa yake?

Tazama waliokuwapo. Aliyetoka mbio kumlaki Stanley nje ya mji hakuwa Livingstone, alikuwa Abdullah Susi, mtumishi wake, naye alimsalimu mgeni kwa Kiingereza kabla bwana wake hajatoka. Katika msafara wa Stanley mkuu wa askari alikuwa Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyechukuliwa utumwani angali mtoto, ambaye alikuwa amekwisha kufika ziwani pamoja na Burton na Speke mwaka 1858, miaka 13 kabla ya Stanley kulitia macho. Walikuwapo wapagazi Wanyamwezi, askari kutoka Unguja, wafanyabiashara Waarabu, na wenyeji wa Ujiji waliojaa njiani kutazama. Ilikuwapo pia biashara ya watumwa, maana njia hiyo ya Ujiji ilipitisha pembe na watu, na Livingstone mwenyewe alikuwa ametoka Nyangwe akiwa na huzuni ya mauaji aliyoyaona sokoni mwezi Julai mwaka huo. Miaka miwili baadaye Susi na Chuma pamoja na wenzao ndio walioubeba mwili wa Livingstone kutoka Chitambo mpaka Bagamoyo, safari ambayo hakuna gazeti lililoilipia.

Na katika nyumba ya makumbusho ya Ujiji wageni wamewakuta nani? Wamekuta sanamu mbili za karatasi iliyofinyangwa, zikikaribia kimo cha mtu, Livingstone na Stanley wakivuliana kofia. Hivyo ndivyo bustani za burudani zinavyofanya: huwasimamisha mashujaa ili mgeni apige picha. Sina ugomvi na sanamu hizo, na mgeni aliyetoka mbali hana budi kuonyeshwa kitu. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mwenyeji hawezi kupona kwa kuwaonyesha wageni hadithi ambayo yeye mwenyewe hamo. Akifanya hivyo amekuwa mpangaji katika nyumba yake, akilipa kodi kwa msimulizi aliyekufa mwaka 1904.

Labda mtu atanijibu kwamba wenyeji hawakuandika, na asiyeandika hana daftari. Jibu hilo si kweli lote. Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, aliyemjua Livingstone mwaka 1867 na kusafiri na Stanley mwaka 1876, aliandika maisha yake kwa Kiswahili, na Heinrich Brode akayachapisha nchini Ujerumani mwaka 1902 na 1903. Humo Stanley si shujaa wa sanamu. Ni mtu wa kupatana naye bei, mwenye ahadi nyingi, na Tippu Tip alalamika wazi kwamba ahadi hizo hazikutimizwa. Tippu Tip naye hakuwa malaika: utajiri wake ulitoka katika pembe na watumwa, na Manyema ingali ikimkumbuka kwa hayo. Simtaji ili awe shujaa badala ya shujaa. Namtaja kwa sababu ni ushahidi kwamba habari za Wazungu hao ziliweza kusimuliwa kwa lugha yetu, kwa macho mengine, na mtu aliyekuwapo.

Tukija sasa kwenye ugomvi wa mawe mawili, naona kwamba wadai hawana haja ya kushindana. Walikutana Ujiji, na jambo hilo halina shaka kwa mwenye kusoma. Hata kwa tarehe ya Stanley, ambayo ndiyo ya baadaye katika zile mbili, kukutana kulitangulia Mugere kwa siku 15. Lakini Mugere una sifa yake ya kweli, nayo si ndogo. Walilala huko wakiwa njiani kwenda kutazama mto Rusizi, kwa sababu wataalamu wa Ulaya walikuwa wakibishana kama mto huo watoka ziwani kwenda kuulisha mto Nile. Siku chache baada ya kuondoka Mugere walifika mlangoni mwa Rusizi wakaona kwamba maji yake huingia ziwani, hayatoki. Wenyeji wa kaskazini ya ziwa walikuwa wakilijua jambo hilo vizazi vyote. Ujiji una habari ya kukutana, Mugere una habari ya safari ya kuujua mto. Kila jiwe likisema kweli yake, mgeni atakayefika kwanza Ujiji atakuwa na sababu ya kwenda Mugere, na wa Mugere kuja Ujiji, na ziwa litawaunganisha kama lilivyowaunganisha wenye mitumbwi kabla ya 1919.

Kwa hiyo nawaambia wanafunzi wangu, na hasa wale watokao Kigoma, wasitafute leseni ya Livingstone. Haipo, na kama ingalikuwapo isingaliwafaa. Kazi iliyo mbele yao ni ndogo na ya kufanyika: kusoma shajara na vitabu vya wageni kwa makini, kuwaokota humo watu wetu waliotajwa kwa jina moja tu au kwa kazi yao tu, kuwauliza wazee wa Ujiji waliyoyasikia kwa wazee wao, na kuyaandika kwa Kiswahili safi mahali ambapo msomaji atayaona. Siku moja mgeni aingie katika nyumba ile chini ya miembe, akute kofia mbili zile zikivuliwa kama kawaida, na kando yake ukutani asome kwamba aliyetoka mbio wa kwanza kuwapokea wageni aliitwa Susi.